Zungusha Kidogo

Jumatano, saa mbili kasorobo usiku,
picha zilivuka Holili bila kulipa ushuru.
Sabuni ilikamatwa, kanga zilikamatwa,
mgambo walipekua hadi madebe ya unga,
lakini lile wimbi la Kenya lilipita juu ya kofia zao
likashukia Kiboriloni, kwenye bomba la maji
alilolisimika kaka yangu Eliamani juu ya bati,
likateremka kwa waya hadi runinga ya shangazi Manka,
iliyoshinda mchana kutwa chini ya shuka.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani hata wakati ule:
bibi mmoja mfupi, koti la mvua, miwani ya duara,
na lifti isiyo na jengo.
Vitufe vyake vilikuwa miaka.
Alibonyeza, taa zikapepesa, mlango ukafunguka
kwenye tauni, kwenye karamu ya mfalme,
kwenye mji wa vioo ambako watu wamesahau kucheka.
Sisi hatukuwahi kuona lifti.
Tulidhani zote ziko hivyo.

Eliamani hakuona hata sehemu moja.
Kazi yake ilikuwa juu, gizani, bomba mkononi,
uso kwa Taveta, Kibo ikimpulizia baridi ubavuni.
— Hapo?
— Bado! Zungusha kidogo!
— Hapo?
— Umepita! Rudi nyuma! Nyuma tena!
Chenga zikitulia, huuliza kwa sauti ya chini:
— Yuko mwaka gani sasa?
Tunamjibu ovyo, midomo imejaa ndizi za kuchoma:
— Elfu mbili.
— Elfu mbili kuna nini?
— Nyamaza, tunasikiliza.

Elfu mbili hakuifikia.
Alishuka Mererani, tochi kichwani,
kwa kamba na ngazi za miti,
na usiku ule mvua ikanyesha.
Kule chini hakuna kitufe cha kubonyeza.

Jana binti yangu Aikande kanitafutia zote kwenye simu,
sehemu sitini na nne, safi, unywele wa bibi unahesabika.
Nikaona kumbe lifti ni mbao zilizopakwa rangi,
kumbe mfalme na mgonjwa wa tauni
ni mtu mmoja, ndevu mbalimbali.
Nikaona hata ile ya mwisho, iliyotuponyoka siku ya upepo:
bibi anabonyeza mwaka aliozaliwa,
mlango unafunguka, anatazama, hatoki.
Anaufunga. Basi.

— Baba, mbona umezima sauti?
Nilikuwa nasikiliza bati.
Ningemwambiaje mtoto kwamba picha hii ni safi mno,
kwamba kila chenga ilikuwa mkono wa mtu
ukitetemeka kwa baridi ili sisi tuone?

Usiku umeme umekatika. Kiboriloni yote kimya.
Namsikia kule juu, miaka yote hii hajashuka:
— Hapo?

Nikisema hapo, ataliacha bomba, akalale.

— Bado, kaka. Zungusha kidogo.