Tisa Juu ya Nane

Koti nililinunua Makambako, siku ya mnada,
sufu nzito ya kijani, la mtu mrefu kuliko sisi wote.
Mfuko wa kushoto ulitoboka,
na chini kwenye pindo, katikati ya kitambaa na bitana,
kitu cha duara kikawa kinanigonga goti
kila nikipanda kwenda Kibena.

Nikakata uzi kwa wembe. Ikaanguka senti:
pana, ya shaba, nyeusi kama kokwa la parachichi,
malkia kijana upande mmoja,
upande wa pili majani yamezungushwa kama shada.
Kanada, 1859.

Nikakumbuka majivu na limau.
“Thubutu!” akasema fundi Ngailo.
“Ukiisugua umeiua.”
Hutengeneza saa mtu huyu, ingawa saa zenyewe
siku hizi zimo ndani ya simu,
kwa hiyo ana muda.
Julai, Njombe, ukungu umekaa hadi kwenye meza;
akapasha vidole juu ya jiko,
akabandika lenzi jichoni, akanyamaza.
Nikasikia maji yakichemka, yakakauka.

“Tisa nyembamba,” akasema, “ni nyingi kama viazi vya Uwemba.
Hii ni pana. Sasa tazama kushoto, chini ya tumbo lake.”

Nikatazama. Sikuona kitu.
“Geuza kwenye mwanga. Polepole. Usiitafute.”

Nikageuza,
na kivuli kikasogea, na nikaiona:
kitako cha nane,
upinde mwembamba kama ukucha wa mtoto,
umechungulia nyuma ya tisa.

“Chuma cha chapa kilichongwa mwaka wa nyuma,” akasema.
“Mwaka ukawapita kikiwa bado kizima.
Nani atupe chuma kizuri?
Wakagongelea tisa juu ya nane, kazi ikaendelea.”

Akataja bei. Sikuisikia.

Nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki,
kuna cheti kilichoandikwa Eufrasia Mligo.
Mimi ni Tulizo.
Nilifeli darasa la saba, mwaka wa njaa ya mama,
na Eufrasia aliolewa Ludewa kabla ya mtihani,
kiti kikabaki kitupu, jina kwenye orodha likabaki zima.
Mwalimu mkuu alimwambia baba: jina hili bado linafaa.

Miaka ishirini na sita naitika Eufrasia
kazini, benki, hospitali, kwenye daftari la wapiga kura.
Mume wangu ananiita Eufrasia.
Mama tu, hadi anazikwa,
aliinamisha kichwa kidogo, hivi, kama kwenye mwanga,
akasema Tulizo.

“Unauza?” Ngailo ameshatoa lenzi,
duara jekundu limemzunguka jicho.
Nikaifunga kwenye kona ya leso.
“Fundi,” nikamwambia, “hiyo lenzi
niazime hadi kesho.”