Kishikizo

Mvua ya Bethesda hainyeshi, inakaa.
Imekaa juu ya banda langu tangu Jumapili,
na chini ya bati nimelala chali,
miguu nje ya mlango wa gari, kisogo kwenye pedali,
natazama mahali ilipokuwa dashibodi.

Yenyewe iko mezani, juu ya blanketi:
ubao wa mjozi nilioupiga msasa majuma matatu,
vanishi mara saba, kila mara nikingoja ikauke
kama anayengoja barua ya benki.
Matundu yake mawili, la spidomita na la geji ya mafuta,
yananikodolea kama bundi aliyeamshwa mchana.

Si zamu yake. Kwanza kishikizo:
kipande cha chuma kisichozidi kiganja,
matundu manne na kazi moja,
kuishika shingo ya usukani isicheze.
Nimeagiza kipya. Kimekuja kwa posta kutoka Coventry,
kimeviringishwa gazeti, cheusi, kimenyooka, kinanuka rangi.
Cha zamani kilikuwa kimepinda,
si sana, kama mtu anayetega sikio moja.

"Usikaze," anasema Idwal. Ameshika tochi
kwa mkono wenye vidole vitatu.
Viwili vilibaki machimboni, na pole hataki.
"Nati zote kwa vidole tu. Ziache zilegee.
Kila kitu kikishakaa, ndipo ukaze."
Anasema hivyo tangu saa tatu. Chai yake imepoa juu ya betri.

Ya kwanza inaingia. Ya pili inaingia.
Ya tatu, kwa kunung'unika.
Ya nne inagoma.
Tundu la kishikizo linatazama kushoto,
tundu la gari linatazama kulia,
kati yao upana wa ukucha.
Nasukuma. Natukana. Kutu inanidondokea jichoni.
Samaki mkunje angali mbichi, sawa,
lakini hili lilikunjwa kabla sijazaliwa
na limezeekea kwenye mkunjo wake.

Idwal anazima tochi.
Kondoo anakohoa ng'ambo ya ukuta.
"Gwilym hakukwambia habari ya daraja?"

Hakuniambia. Baba alikuwa na maneno machache
na mengi ya hayo aliyatumia kwa mbwa.

"Barafu. Mwaka sabini na moja. Mimi nilikaa kushoto.
Usukani ulimrudia kifuani, akakaa kimya,
nikadhani ndiyo basi. Kumbe anahesabu gharama.
Boneti akainyoosha kwa nyundo, akapaka rangi,
mama yako akaambiwa zamu ilichelewa.
Huko ndani hakugusa.
Gari likazoea. Naye akazoea."

Nikamwona: bega moja mbele, kiuno kimekwenda upande,
akiendesha kana kwamba anapenya mlango mwembamba.
Nilidhani ndivyo akina baba wanavyokaa.
Nilipojifunza kuendesha nilikaa hivyohivyo,
na mwalimu akaniuliza kama naumwa mgongo.

Basi si kishikizo peke yake.
Sakafu imepinda kidogo, ukuta wa injini kidogo, fimbo kidogo,
vyote vimepatana gizani miaka hamsini,
na mgeni humu ni huyu aliyenyooka.

"Tupa," nikasema.
Hakuuliza nitasugua nini.
Gari sikuligusa. Nilisugua kile kipya,
tundu la nne, upande mmoja tu,
mpaka likarefuka likawa kama jicho la anayesinzia.
Unga wa chuma ukanijaa kwenye nywele.

Nati ikaingia.
Sikukaza.

Tukainyanyua dashibodi wawili, yeye vidole vitatu, mimi kumi,
nyaya tukizivuta kama utumbo wa kuku,
ya kahawia, nyekundu, na ile ya kijani isiyojulikana kwao.
Nikazungusha usukani kulia. Nikazungusha kushoto.
Haukugusa kitu.

"Haya. Sasa."

Nikakaza, moja baada ya moja, kwa mshazari,
mpaka spana ikakataa.

Kwenye blanketi imebaki washa moja.
Tunaitazama. Idwal anaitia mfukoni,
anauliza kama kuna chai ya moto.