Madoa ya Msimu

Siri ya mtungi aijuaye ni kata;
siri ya mpigaji aijuaye ni beseni langu.
Mimi Eduviges, mfuaji wa jezi za Kware wa Bakori,
miaka kumi na tisa chini ya jukwaa la mashariki:
mashine mbili, ya tatu mbovu,
na dirisha la ukubwa wa sinia, usawa wa nyasi.
Besiboli yote naijua kwa viatu.

Oktoba waliniletea jezi safi.
Hakuna aibu kama jezi safi.
Maana yake hakuna aliyejitupa,
hakuna aliyekifuata kituo cha pili kwa tumbo.
Tulifungwa mara tisa mfululizo.
Muuza karanga akaanza kwenda kanisani.

Kisha Yahír Buitimea, mtoto wa juzi, kidevu hakijaota,
akanirudishia suruali nyekundu kwa udongo
toka goti hadi mfukoni.
Udongo ule hautaki maji ya moto,
ukiuchemsha unahamia ndani ya uzi.
Unataka maji baridi, siki, mswaki mkuukuu,
na mtu asiye na haraka.
Nilisugua huku nikicheka peke yangu.

Novemba, nyasi.
Novemba, damu pia: Nereo, mdakaji,
kidole kimepasuka, amekifutia pajani, hajamwambia mtu.
Sikusema. Nilitia bendeji katika mfuko wa suruali yake.
Kesho yake bendeji haipo,
mahali pake pipi ya ukwaju.

Na Osniel, mrushaji wetu mzee kutoka Kamagwei,
usiku aliopigiwa simu kuwa mama yake amezikwa,
alirusha awamu saba, akashinda, akaoga.
Jezi yake ilinifikia mkono mmoja umelowa,
wa pili mkavu.
Jasho halichagui mkono.
Ile niliifua peke yake.

Tukashinda moja. Tukashinda nne. Tukashinda kumi na moja.
Akashuka nahodha, kofia mkononi:
“Doña Vige, tafadhali, usifue tena.
Bahati imo humo.”
Basi mimi, ambaye kufua ndiyo kazi,
nikalipwa nisifue.
Nilizianika tu, zikasimama kambani zenyewe
kama watu waliokatazwa kukaa.
Paka wa stoo akahama.

Usiku wa kuamkia fainali nikasikia
mama yake Yahír yumo ndani ya basi, anakuja kumwona,
hajamwona tangu Agosti.
Mama hunusa kabla ya kutazama.
Nikafunga mlango kwa komeo, nikaifua.
Maji baridi, siki, mswaki.
Ilipotoka nyeupe, nikaogopa.

Saa nane usiku nikachukua ndoo,
nikaingia uwanjani.
Miaka kumi na tisa, sijawahi kuukanyaga.
Taa zimezimwa, nyasi zina umande,
na uwanja, wallahi, ni mkubwa kuliko nilivyodhani.
Kwenye kituo cha pili nikapiga magoti,
nikachota udongo,
nikampaka kijana wa watu madoa yake yote,
moja moja, palepale yalipokuwa.
Mkono ulikumbuka.

Awamu ya tisa, sare.
Nilikuwa dirishani na viatu vyangu:
vya Nereo vikichimba, vya refa havitikisiki,
na vya Yahír, kutoka kituo cha tatu, vinakuja, vinakuja,
halafu havipo.
Badala yake, chini kabisa, usawa wa nyasi,
uso.
Mdomo umejaa vumbi, macho wazi.
Kwa mara ya kwanza mchezaji alinitazama akiwa kazini.
Kisha jukwaa likanguruma juu ya kichwa changu,
na chokaa ya dari ikanyesha ndani ya beseni.

Jezi ile sasa imo ndani ya kioo, ofisini.
Wageni huonyeshwa doa la kifuani:
udongo wa ubingwa, huambiwa, usiguse.
Nami hupita na kapu langu,
nikiinama kidogo, kuangalia.
La kifuani ni lake.
La gotini nilipaka mimi.