Raundi ya Sita

Nilianza na karatasi ya hesabu, penseli, kifutio.
Nikaandika majina manane kama mtu anayeita mahudhurio:
Kundaeli. Elinami. Aikande wa benki.
Shabbir wa vipuri, pale nyuma ya mnara wa saa.
Yusta. Mwalimu Nderingo.
Daktari Lembris, aliyehamia Moshi juzi kutoka Monduli
na bado anauita mlima "ule wa kwenu".
Na Zulekha, kama zamu ya usiku itamwachia.

Watu wanane, viwanja viwili, raundi saba.
Kila mtu acheze na kila mtu, mara moja tu,
asipatikane wa kusema "sisi tulishinda".
Alama ni zako. Unahama nazo
kama mgeni anayehama kiti na kikombe chake.

Padeli ni mchezo wa wawili wawili, na hesabu yake haina huruma.
Ukivuta uzi mmoja, Yusta anacheza mara mbili na Shabbir
na Mwalimu anabaki benchi anakula karanga.
Nilifuta mara kumi na moja. Karatasi ikatoboka
hapo hapo, raundi ya sita, kiwanja cha pili:
Kundaeli na Elinami.

Tumbo moja. Hawajasemezana tangu tulipomzika mzee wao,
tangu mstari wa masale kule Kibosho
ulipoota miguu usiku
ukasogea migomba minne.
Mmoja anasema minne. Mwingine anasema mzee mwenyewe alisogeza.
Mashahidi wamekufa, au wanakunywa kwa wote wawili.

Nilituma ratiba saa tano usiku, nikazima simu.

Jumamosi kulinyesha. Tulikausha nyasi za plastiki kwa mafagio.
Zulekha hakuja; nikawa wa nane,
raketi ya kuazima, raba za mwanangu.
Shabbir anaanzisha kwa bismillahi na bado anapiga nje.
Aikande anahesabu alama kwa sauti ya dirishani: "Anayefuata!"
Mwalimu, miaka sitini na nne, hakimbii,
anausubiri mpira ugonge kioo, urudi,
aupokee kama daftari la mtoro.

Raundi ya sita mimi nilikuwa na Lembris.
Ng'ambo ya neti walisimama kama nguzo mbili za geti,
katikati njia ya kupita lori.
Lembris hana aibu. Akapitisha lori.
Wa kwanza katikati, wa pili katikati,
na wale wanatazama kioo, si wao kwa wao.
Nne bila. Saba bila.

Kisha akaupiga juu, juu mno,
ukakaa pale mawingu yalipofunua Kibo,
ukashuka, ukagonga nyasi, ukagonga kioo cha nyuma,
ukarudi taratibu kama mtoto aliyesahau alichotumwa,
kati yao, sawasawa kati yao.
Elinami, mdogo, raketi ameshainua,
akasikia hatua za kaka yake,
akaishusha.
"Yako!"

Kundaeli aliupiga ukaishia kwenye neti.
Ndiyo, alikosa. Karatasi ya alama ipo, siwezi kuandika vingine.
Ila mpira uliofuata ilisikika "Yangu!"
na mwingine "Acha, acha!"
na mwingine tena "Yako", chini chini,
kama neno lililokuwa limebana mlangoni.
Tuliwafunga kumi na saba kwa saba.

Mwalimu alishinda mkungu wa mshare,
akaugawa palepale kwa kisu cha Yusta.
Hakuna aliyeleta jani la sale.
Ndugu wale waliondoka kwa magari mawili,
moja likisubiri lingine litangulie getini,
wakakaa hivyo muda, taa zinawaka.

Kabla ya hapo Kundaeli alinifuata mezani,
akaiinua ratiba kwenye mwanga.
"Hapa pametoboka," alisema.
"Kifutio," nikamwambia.
Akaweka kidole kwenye tundu. Hakukitoa upesi.