Maiti wa Zamu

Nimekufa mara mia nne na kumi na saba.
Nahesabu kwenye kijitabu cha benki kisicho na kazi nyingine:
mishale mia mbili na ushei, mapanga, tauni moja,
njaa mara mbili, na siku hizo walitunyima chakula cha mchana
ili mashavu yasije yakawaumbua.
Yuan mia kwa kutwa; ukifia matopeni, unaongezwa ishirini.

Hengdian, mji wa majumba ya kifalme yasiyo na vyoo,
ndiko nilikomkuta Zhuo Renhai,
mtoto wa fundi baiskeli, jino moja limepinda,
akifa ubavuni mwangu, pua kwenye kwapa langu,
akinong'ona, "Kaka Ruan, usicheke, kamera inakuja."
Wanasema mla nawe hafi nawe.
Huyu alikufa nami miaka mitatu.
Kula ndiko kulikomshinda.

Maana siku moja mwongozaji alitaka maiti anayejua kufumbua macho.
Akafumbua. Basi.
Macho yale, sijui aliyatoa wapi,
yakakaa kwenye mabango ya maziwa, ya simu, ya dawa ya chunusi,
yakapanda ghorofa ishirini mjini Hangzhou
hata wasafisha vioo wakawa wanampangusa kope.
Jina lake likaingia orodha ya matajiri,
chini kidogo ya mwenye viwanda vya betri,
juu ya mfuga nguruwe.

Aliyetoa fedha za tamthilia yetu ya mwisho ni Bwana Shou Genfa.
Soksi.
Alianza na mashine moja jikoni kwa mamaye,
uzi ukinuka kitunguu,
akaja kuvisha miguu ya nusu ya dunia, kwa maneno yake;
nusu ya pili, alisema, ina ndala.
Alikuja kututazama tumelala uwanja mzima, jeshi limekwisha.
Renhai hakumtupia jicho. Alipita kati yetu kama mwenye shamba,
akachutama, akanivua kiatu cha kitambaa,
akaivuta soksi kwa vidole viwili.
"Hii si yangu," akasema, kwa huzuni ya kweli.
Kesho yake ikaja katoni nzima.
Ndiye tajiri pekee aliyewahi kunishika mguu.

Halafu kodi.
Mali bila daftari huisha bila habari;
ya Renhai ilikuwa na madaftari mawili, ikaisha na habari tele.
Asubuhi moja wasafisha vioo walipandishwa na vikwarua.
Maziwa yakapata mvulana mwingine,
chunusi zikabaki bila mganga,
na tamthilia, vipindi arubaini, ikafungiwa kabatini
pamoja na rehani yote ya Bwana Shou.
Nilimwona stendi ya mabasi. Mwenye deni kama lake
hauziwi tiketi ya treni ya kasi.
Alikuwa anamenya yai la chai,
akanitazama miguu kabla ya uso.

Mwaka huu wameitoa.
Kichwa cha Renhai wamekikata kwa kompyuta,
wakapachika cha kijana mwingine, safi, meno yote yamenyooka.
Mikono waliiacha. Mikono ni ghali, au walichoka.
Kipindi cha thelathini na moja ananikumbatia, analia, "Ndugu yangu!"
kwa uso wa mtu, kwa sauti ya mtu,
na kile kidole chenye kovu la mnyororo wa baiskeli
kinaniminya bega mara mbili, alama yetu ya zamani:
usicheke.

Mama akanipigia kutoka Guizhou. Alikuwa amesimamisha picha,
ameisogelea televisheni hadi miwani ikagonga kioo.
Habari za kichwa hakuzigusa.
"Mwanangu," akasema, "mbona ulipumua?"