Bila Msumari

Mama Kapya aliliweka bamba juu ya meza yangu,
limeviringishwa katika kitenge kilichopauka.
Shaba tupu, upana wa viganja vitatu,
na swala mmoja aliyegongwa kwa patasi, anageuka nyuma.
Mumewe alilimaliza mwezi uleule kifua kilipomshinda.
"Nalitaka kitandani, kwenye ubao wa kichwani.
Lakini fundi, ukitoboa tundu hata moja,
nalirudisha nyumbani."

Misumari ikarudi mkebeni.

Ubao ni mulombwa, umekuja kwa njia ya Kasenga,
mti uliokatwa ambao bado hajatokea wa kuuambia.
Mvua ya Novemba ikishuka Katuba, unavimba.
Julai, baridi kavu ikituchubua midomo, unasinyaa,
kwa upana tu; kwa urefu hausogei.
Shaba haijali mvua. Yenyewe husikia jua:
dirisha likifunguliwa inatanuka,
wingu likipita inajirudi.
Sasa nitafute cha kuwalaza kitanda kimoja.

Nilikata vipande vya mabaki, nikaanza kujaribu.

Gundi nyeupe, ya maji: mti uliinywa papo hapo,
shaba ikaitazama tu.
Asubuhi niliinua kwa ukucha,
ikatoka kama ukoko wa bukari uliolowekwa.

Ile ya matone, ya kichupa, ilishika kabla sijashusha pumzi
(ilishika na kidole changu; Ngosa, mwanafunzi wangu,
alicheka hadi akakaa kwenye takataka za randa).
Nikaweka kipande juani, kisha ndooni, kisha juani.
Siku ya tatu: ta!
Kama njiti ya kiberiti.

Ya fundi viatu, ya njano, unapaka pande zote mbili,
unangoja ikauke, ndipo unakutanisha,
na ukikosea unywele mmoja, umekosea.
Saa saba mchana ililegea.
Kipande kikateremka taratibu, upana wa ukucha,
kama mtu anayetoka mkutanoni bila kuaga.

Ikabaki mirija miwili.
Bei yake ilinifanya nizunguke soko mara mbili.
Mmoja mwangavu, wa pili unanuka samaki wa jana;
sawa kwa sawa, koroga mpaka mkono uchoke.
Ngosa alitaka ya dakika tano.
Nilichukua ile ya usiku kucha.
Nikamwambia asiikamue yote wakati wa kubana:
aache unene wa kadi ya simu,
hapo katikati ndipo watakaposogeleana bila kugombana.

Shaba laini haishikiki. Lazima uikwaruze mgongo.
Nikageuza bamba, msasa mkononi,
na mgongoni nikaona maandishi ya msumari,
ya haraka, yamepinda:
*Musau. Makaa, gunia nusu. Sijalipa.*

Msasa nikauweka chini.
Nikavuka barabara hadi kwa Mama Kapya,
vumbi la mti bado kwenye nyusi,
nikamweleza: nisipokwaruza, haitashika.
Alisoma kwa kidole, herufi moja moja.
"Musau alikuja matangani," akasema.
"Alikula, akalia kuliko ndugu zake,
hakutaja makaa."
Akanyamaza. Sufuria ilikuwa inachemka, hakuigeukia.
"Kwaruza pembeni kote. Hapo paache."

Basi niliacha kisiwa, ukubwa wa kiganja cha mtoto.
Nikapangusa kwa spiriti, sikugusa tena kwa vidole.
Nikapaka, nikalaza, nikabana kwa vibano vinne
na tofali mbili zilizofungwa gazeti.

Mvua tatu zimepita. Swala hajasogea.
Nilipoenda kumrekebishia mlango nilimjaribu, mazoea ya kazi:
ukigonga kwa kifundo cha kidole
kote kunajibu mti.
Chini ya mguu wa nyuma peke yake
panajibu shaba.