Meno ya Msumeno

"Sheria ni msumeno, fundi,"
karani kanambia mlangoni pa afisi ya uchaguzi,
kalamu sikioni,
kama mtu anayekutajia bei ya sukari.

Mimi ninayo misumeno saba ukutani, hapa Langoni.
Ule wa marehemu babangu umebaki mwembamba kama upanga, kwa kuliwa na tupa.
Hakuna hata mmoja ukatao kuwili:
ukienda unakula mti,
ukirudi unakokota unga.

Orodha walikuwa wameibandika nje, gundi yachuruzika bado.
Majina mawili yamepigwa mstari,
kwa rula.

La kwanza, Shekuwe Badi.
Boti ya wagonjwa ya Faza, injini mbili, kitanda na feni,
ilinunuliwa kwenye karatasi,
ikapakwa rangi kwenye karatasi,
na kwenye karatasi ikapigwa na wimbi, ikazama.
Mwanamkasi alijifungua juu ya magunia ya makaa, katikati ya Mkanda,
na maji ya kumkosha mtoto yalikuwa ya chumvi.
Nilipouona ule mstari nilicheka
mpaka punda wa jirani akasita na mawe yake mgongoni.

La pili, Somoe Lali.
Sikucheka.
Ni mtoto wa dadangu; fomu zake nilizipeleka mimi, mkononi.
Siku trekta lilipoingia mashambani Hindi na hati ya mtu tusiyemjua,
aliketi mbele ya gurudumu, akafungua kikapu, akala vitumbua.
Miezi saba.
Rufaa ilichelewa siku mbili, wakili alikuwa matangani.
Kanuni yasema sita.
Mwezi mmoja, basi, ndio uliomfuta,
na mwezi huo hakimu aliutoa wapi, sijui,
labda saa ya chakula ilikuwa imempita.

Jioni vijana wa Shekuwe wakapita wakipiga makopo:
"Mahakama ni sisi! Tuachieni tuchague!"
Nami nimesimama na patasi
nikausikia mdomo wangu unaitikia.
Nikaufunga, na vumbi ndani.

Mwanamkasi alikuja kesho yake kutaka kigoda.
Akasema:
"Mimi nilimpigia kura mara tatu.
Ya tatu ni baada ya boti.
Alileta mchele kilo mbili, na leso, na nyumbani hamna kitu.
Musiniache peke yangu na yule mtu na ule mchele.
Nifungieni mlango kwa nje."

Sikuwa na jibu. Nilimpunguzia bei.

Gerezani Somoe aliuliza kwanza habari za paka wake.
Kisha: "Na Shekuwe?"
Kakatwa.
"Alhamdulillahi."
Nawe je?
Akatazama kucha zake muda mrefu.
"Mjomba, meno ya msumeno si hunolewa na mtu?"
Kengele ikalia, hakumaliza,
au alikuwa amemaliza.

Siku ya kura niliisogeza karatasi karibu na macho
nikitafuta mahali walipotolewa.
Hapana pengo. Majina yamesogeana
kama watu kwenye safu ya sala mmoja akitoka.

Sasa niko dukani.
Mlango wa Shekuwe umelala juu ya farasi wa mbao,
mbambakofi mtupu, maua nimeshayamaliza.
Alitaka jina lake ubao wa juu, herufi kubwa, na mwaka.
Arbuni nilipokea, nikaila.
Hapa hapana karani, wala kanuni, wala miezi sita.
Kuna patasi,
na mkono wangu,
ambao nao, Mungu anisamehe, huwa na njaa.